Fundo Ndani ya Mlango

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Gereji ilikuwa Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia, na mkubwa wetu tulimwita Fomani. Hata mkewe alimwita hivyo. Alinipa gari kuukuu lenye dirisha la umeme lililokufa, akaniambia niunge waya mpya za mota. Nikaunga. Kioo kikapanda, kikashuka, nami nikasimama pale nimejaa kiburi. Fomani akaingiza mkono ndani ya mlango, akapapasa.

"Fundo liko wapi?"

"Fundo gani, mzee?"

"Enda nyumbani. Kesho ukuje na masikio."

Nyinyi mnaotengeneza magari kwa kompyuta, hebu niwaeleze. Mota ya dirisha ina waya mbili tu. Ukitia moto wa betri kwenye hii, kioo kinapanda; ukiutia kwenye ile nyingine, kinashuka. Gari likitoka kiwandani waya zina rangi zake. Likishapita mikononi mwetu hapa mpakani, rangi ni uongo mtupu, kwa sababu tunaunga kwa waya yoyote tuliyong'oa kwenye gari bovu. Ndiyo Fomani akaweka sheria: waya ya kupandisha kioo ipigwe fundo, karibu kabisa na mota.

Haki, lilinikera lile fundo! Waya ni fupi, mkono hauenei, chuma kinakuchuna, na mtu mzima amesimama nyuma yako anangoja ushone. Siku moja nikamwambia ni kazi bure, kwani mimi naijua waya yangu.

"Si lako," akasema. "Ni la fundi atafungua huu mlango wewe haupo."

Baadaye nilienda Malaba, kwenye yadi ya kampuni moja ya kutoa mizigo. Meneja wa Yadi alikuwa mtu wa haraka. Akiniona napiga fundo ananicheka, "Mama, unafuma sweta?" Mimi nafuma tu. Kule tulitengeneza magari yakiwa kwenye foleni ya kuvuka mpaka, maana dereva akitoka kwenye foleni amepoteza nafasi yake. Unabeba begi lenye bisibisi, koleo na betri ndogo ya pikipiki. Foleni ikisogea, unasogea nayo.

Adhuhuri moja nikasikia mwanamke anapiga ukemi katikati ya malori. Nilikimbia. Lilikuwa gari dogo la zamani, na kwenye kiti cha nyuma mtoto wa kike amesimama, mkono wake umetoka nje, kioo kimeubana hadi kwapani. Mamake alikuwa humo ndani amemshikilia kiunoni. Dereva, ambaye ndiye babake, anabonyeza swichi ya kushusha na hakuna kitu, na bado mota inavuma, inasukuma juu.

Nikajua papo hapo. Kuna fundi alikuwa ameipiga dairekti, yaani ameivutia moto kutoka kwa betri moja kwa moja bila fyuzi. Swichi ikaungua ikiwa imeshikilia upande wa kupandisha.

"Toa kichwa cha betri!" nikamfokea baba. Akafungua boneti, akakitoa, mota ikanyamaza. Lakini meno ya mota hiyo hayarudi nyuma yenyewe. Kioo kilibaki palepale, na vidole vya mtoto vilianza kubadilika rangi.

Dereva wa lori akaja na spana ya magurudumu. "Mama, toka nipasue hiyo kioo!"

"Pasua uone!" nikamzuia. "Uso wa mtoto uko wapi? Si hapo hapo?"

Akasimama na spana yake mkononi. Nikaingia garini, nikajikunja miguuni pa mama yule, nikang'oa paneli, ile ngozi ya ndani ya mlango, nikazikata zile waya juu, upande wa swichi. Mbili. Zote nyeusi.

Niseme ukweli, niliogopa. Nilikuwa na betri yangu ya pikipiki na waya mbili nyeusi. Nikipatia, kioo kinashuka. Nikikosea, kinapanda, na hakuna mahali pengine pa kupanda ila kwenye mkono wa mtoto. Hata kugusa kidogo ili kujaribu singeweza.

"Mama, fanya kitu!" Yule mzazi alikuwa analia juu ya kichwa changu. "Amenyamaza! Mbona amenyamaza?"

Nikaingiza mkono mlangoni bila kuona, nikazifuata zile waya kwa vidole hadi chini kwenye mota. Ya kwanza, laini. Ya pili, laini, laini, halafu fundo.

Woi, Mungu wangu, mkono wa Mundika ulishapita hapa. Moto nikautia kwenye ile laini. Kioo kikashuka.

Mtoto akavuta pumzi, akalia kwa sauti mpaka madereva wakapiga honi. Mkono ulikuwa umevimba lakini haukuvunjika. Zahanatini walimfunga bandeji tu, akala biskuti. Nami niliketi kwenye lami katikati ya foleni nikalia kuliko yeye.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Khunyangu, ambako Fomani alikuwa amestaafu. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamsimulia yote, nikingoja angalau anipongeze.

"Na ulipounga waya mpya," akauliza, "ulilirudisha?"

"Nililirudisha, mzee."

"Sawa." Akanisukumia hindi nimsaidie.

Sasa nami nimestaafu. Macho yamechoka, waya nyembamba sizioni. Juzi binti yangu alipeleka gari lake kwa fundi mmoja anayenifahamu hapa Busia, dirisha la nyuma, upande anaokaa mjukuu wangu. Nilifuatana naye. Kazi ilikuwa safi, kioo kinapanda na kushuka. Kabla paneli haijarudishwa nikaomba nafasi, nikaingiza mkono ndani, nikapapasa waya zote mbili mpaka mwisho.

"Kijana, fundo liko wapi?"

"Fundo gani, mama? Si wewe umestaafu?" Akacheka, na wenzake wakacheka.

Nikavuta kiti nikaketi mbele ya ule mlango.

"Fungua hiyo waya," nikamwambia. "Mimi sina haraka."