Mkalimani wa Supavaiza

Kazi yangu ya kwanza Marekani ilikuwa Louisville, katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Wazazi wangu ni Warundi, lakini mimi nililelewa kambini Kigoma, na Kiingereza nilichokuja nacho kilikuwa cha darasani. Mwenye kiwanda, mzee mmoja mfupi, alikula chakula cha mchana nasi kwenye meza moja, mkate na jibini siku zote. Joto la mashine likizidi, alituletea maji ya barafu kwa mkono wake. Alijua mtoto wa nani anasoma darasa la ngapi.

Siku alipouza kiwanda hakumwambia mtu. Jumatatu tulikuta karatasi imebandikwa kando ya mashine ya kugongea kadi za mahudhurio, ikitushukuru wote na kutueleza kuwa wenye kiwanda wapya wanakuja na watu wao. Wenzangu wengine walilia. Mimi nilikaa kwenye gari nikijiuliza kama yule mzee alikuwa mwema, au alikuwa mpweke tu akitafuta watu wa kula nao. Sikupata jibu. Baada ya wiki mbili nilihamia Columbus kwa binamu yangu, aliyekuwa amepanga nyumba mtaa wa Linden.

Binamu ndiye aliyenipeleka kwenye ghala alilokuwa akifanya kazi. Tulipakia viatu na nguo kwenye maboksi, na maboksi yakaenda kwa mkanda hadi kwenye malori. Karibu nusu ya watu wa zamu yetu walikuwa Wakongo wa milima ya Kivu Kusini na Warundi wa kambini kama mimi. Supavaiza wetu alikuwa dada mmoja Mmarekani, mchangamfu, wa umri wangu hivi. Alijifunza maneno ya Kiswahili kutoka kwetu. Neno la kwanza lilikuwa "haraka". Baadaye akaongeza "asante" na "hapana", na akawa anayatamka vizuri. Siku yangu ya kuzaliwa aliniletea keki.

Alipogundua kuwa nasema Kiingereza, alianza kuniita ofisini. "Njoo nisaidie dakika moja," alikuwa akisema. Mtu akichelewa, nilitafsiri onyo. Mtu akiomba ruhusa, nilitafsiri jibu. Halikuwa jukumu langu, wala hakuna aliyeniandika popote kama mkalimani, ila nililipenda. Nilipenda kukaa kwenye kiti chenye magurudumu wakati wenzangu wamesimama. Sina sababu ya kulificha hilo sasa.

Siku moja niliitwa kumtafsiria kaka mmoja Mrundi, baba wa watoto wanne, aliyekuwa amekosa kazini siku mbili kwa sababu mtoto alilazwa. Supavaiza alimpa karatasi. Yule kaka akaniuliza kwa Kirundi karatasi inasema nini, na mimi, kwa kuwa maboksi yalikuwa yananisubiri, nikamjibu bila kuisoma, "Ni karatasi ya kawaida tu, weka sahihi." Ilikuwa karatasi ya kukiri kwamba amepewa onyo la mwisho. Mwezi uliofuata alichelewa nusu saa kwa sababu ya theluji, wakamfukuza. Hakunilaumu. Kanisani aliendelea kunisalimia kama zamani, na mimi niliendelea kuitika huku nikitazama viatu vyangu.

Kwenye mkanda wetu wa maboksi kulikuwa na mama mmoja kutoka Kivu, wa miaka hamsini na kitu, mjane, mwenye kucheka kwa sauti. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita mwanangu. Juu ya mahali pake paa lilivuja. Walikuwa wameweka ndoo, na ndoo ikijaa maji yalimwagika sakafuni. Alikuwa amelalamika, na mimi mwenyewe nilikuwa nimetafsiri malalamiko yake mara mbili. Supavaiza aliandika kwenye daftari lake, akasema "asante", tukarudi kazini.

Ilikuwa asubuhi, karibu na mapumziko ya kwanza, mama alipoteleza. Nilisikia boksi likianguka, kisha nikasikia yeye. Aliangukia mkono wa kulia. Tulipomwinua, kiganja chake kilikuwa kimepinda upande ambao kiganja hakipindi. Hakulia. Aliendelea kusema "Yesu, Yesu," kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili.

Nilidhani watampeleka hospitali. Walimpeleka ofisini. Walimpa mfuko wa barafu na kikombe cha maji, kisha supavaiza akaja kuniita.

"Mwambie pole sana," alisema. "Mwambie aweke sahihi kwenye hii, aende nyumbani apumzike. Kesho tutaona."

Safari hii niliisoma karatasi yote. Iliandikwa kwamba mama alikuwa anatembea kwa haraka bila kuangalia, kwamba viatu vyake havikuwa vya kazi, na kwamba hahitaji daktari. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vilevile tulivyopewa sote na kampuni.

Nilianza kutafsiri. Nilisema kila neno kama lilivyokuwa, taratibu, bila kuongeza kitu. Mama alinisikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa mapajani, umeshaanza kuvimba.

"Bon, haya," alisema. "Mwanangu, mimi sikukimbia. Ile maji iko pale tangu wiki ngapi? Wewe unajua."

"Najua, mama."

"Donc, basi, unaniambia kweli. Kama ni wewe, utatia sahihi?"

Nilimtazama supavaiza. Alinitabasamia, akanisogezea kalamu. Nilifikiria kiti chenye magurudumu, nikamfikiria na yule kaka Mrundi.

"Hapana, mama," nilisema.

Tabasamu la supavaiza likakatika. Nilikuwa nimesahau kwamba neno hilo analijua.

"Umemwambia nini?" aliuliza.

"Ameniuliza kama mimi ningeweka sahihi. Nimemjibu."

"Nilikuita utafsiri."

"Nimetafsiri. Halafu ameniuliza swali."

Uso wa supavaiza haukuwa na hasira, ulikuwa na hofu, na hilo lilinishangaza. Alisema bosi wake wa juu ndiye aliyemtumia karatasi hiyo, kwamba hakuiandika yeye. Nilimwamini, na bado ninamwamini. Nilimwambia nampeleka mama hospitali kwa gari langu. Akasema nikitoka kabla ya zamu kwisha hawezi kunitetea. Nikamwambia sawa.

Ndani ya gari mama aliniuliza kama nitafukuzwa. Nikasema sijui. Akasema, "Basi tuombe," akaomba kwa sauti njia nzima, hata kwenye taa nyekundu, na dereva wa gari la pembeni akatugeukia. Daktari alikuta mfupa umevunjika mahali pawili. Binti wa mama, aliyekuwa bado anasoma shule, alifika kwa teksi, akamsemesha mama kwa Kiingereza, mama akamjibu kwa Kiswahili, na wote wawili wakaelewana. Niliwaacha hapo.

Sikufukuzwa. Jumatatu nilikuta jina langu limehamishiwa kwenye malori, kazi ya kubeba ambayo kwa kawaida hufanywa na wanaume wawili wawili. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Ofisini hawakuniita tena. Walimpata dada mwingine wa kutafsiri. Wenzangu wachache waliacha kukaa nami wakati wa chakula, hata binamu yangu, ambaye alisema nimemharibia kwa kuwa ndiye aliyenileta. Nilimwelewa. Alikuwa na kodi ya kulipa na watoto watatu.

Mchungaji wetu alimfahamu mwanamke mmoja aliyesaidia wafanyakazi walioumia, na mama akaenda kwake. Ilichukua miezi, lakini kampuni ilikubali kwamba aliumia kazini na ikagharimia matibabu. Mama alirudi, akapewa kiti na kazi ya kubandika lebo. Paa likazibwa. Yule supavaiza aliondoka kabla ya majira ya joto, sijui kama kwa hiari. Siku yake ya mwisho alipita kwenye malori akasimama mbele yangu kama mwenye neno la kusema, kisha akasema "asante" akaenda. Mpaka leo sijui alinishukuru kwa lipi.

Mwaka uliofuata nilihamia Buffalo. Mgongo ulikuwa umechoka na malori, na rafiki yangu wa kambini alinitafutia kazi ya kumtunza bibi mmoja mgonjwa huko North Buffalo. Mwajiri wangu ni binti yake, ambaye anafanya kazi benki. Siku ya kwanza aliniambia mimi sasa ni mtu wa familia. Nilimshukuru, nikamwuliza saa yangu ya kutoka ni ipi.

Si mtu mbaya. Lakini anapenda kuongeza. Anaanza na "kama hutajali", na baada ya wiki moja jambo hilo limekuwa kazi yangu. Kwanza nguo zake mwenyewe, kisha mbwa. Asubuhi moja theluji ilikuwa imefika magotini, na yeye akaniomba, kama sitajali, niifukue mlangoni kwa mpangaji wa ghorofa ya juu.

"Dada, nitajali," nilimwambia. "Bibi bado hajanywa dawa, na hiyo si kazi yangu."

Alinitazama kana kwamba nimezungumza Kirundi. Kisha akachukua beleshi, akatoka na koti lake la ofisini. Nilimpa bibi dawa, nikamsogeza karibu na dirisha. Tulimwona binti akichota theluji na kuitupa upande ambao upepo ulimrudishia usoni.

"Hajui," bibi alisema, akicheka hadi mabega yakatikisika. "Hakuwahi kufundishwa. Hilo ni kosa langu."

Nilimfunika miguu kwa blanketi, nikaenda kuweka maji ya chai jikoni.