Nafasi ya Mshono

Nilipoanza kumfundisha hesabu, shangazi yangu, fundi cherehani, hakusumbuliwa na x ya milinganyo hata kidogo. "Huyu kashonewa ndani tu," alisema, akaanza kumfumua: kilichoshonwa mwisho kinatoka kwanza. Sehemu nazo alizikata kwa macho. Nilibaki mdomo wazi.

Balaa lilikuwa maumbo. Mpe mstatili wa urefu nane na upana tano, umuulize eneo.

"Hamsini na nne."

"Jamani, shangazi! Nane mara tano!"

"Na mshono je? Utashonea wapi?"

Kila ukingo alikuwa ameuongezea nusu. Mimi hasira zangu ziko karibu, nilitupa kalamu. Chuo cha ufundi kilimtaka akafundishe ushonaji, ila kwanza afaulu mtihani wa hesabu, alizoziacha njiani shuleni bibi alipougua. Tangu utotoni alitamani kusimama mbele ya ubao. Sasa akwame kwa ajili ya mshono?

Alasiri za mvua mguu wake ulikanyaga cherehani isiyo na uzi, macho kayaelekeza dirishani.

"Naona pembetatu zinapita," alisema polepole. "Hazina pindo, masikini. Zitafumuka."

"Zipe na sweta basi!"

"Cheka tu wewe."

Nikaona ukali haufai, nikambembeleza. "Kwenye karatasi hakuna anayevaa, shangazi. Ukingo uache ulivyo." Akawa analirudia neno hilo hata akipiga pasi, kwa sauti ya mtu aliye usingizini: uache ulivyo, uache ulivyo.

Alifaulu! Alikaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa akalia, nami nikalia. Kisha akatoa kitambaa cha buluu alichokitunza miaka, akajikatia gauni la siku ya kwanza, akiimba chinichini, mkasi ukienda wenyewe.

Vifungo alivimalizia asubuhi ile ile ya kwenda chuoni. Nikasikia ananiita. Gauni lilikuwa limegoma mgongoni, halifungi ng'o. Alikuwa amelikata sawasawa na vipimo vyake, bila nafasi ya mshono hata chembe.

Kicheko kilinifika kooni, nikamwona uso, nikakimeza.

"Vaa lile la kijani," nilisema.

Alipapasa ukingo wa buluu kwa kidole. "Hapana. Lete pini, na sweta ya kufunika. Leo naenda na jibu sahihi mwilini."

Nikambana pini moja moja huku machozi yananitoka, naye akasimama wima kabisa, asije akachomwa.