Zamu ya Mdogo Wangu

Siku ya mashindano ya gemu ya video ya kupigana, pale dukani Majimbo, tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu mgongoni mwangu, mwenye duka na vijana wa Runyenjes. Ukipigwa unaachia stuli. Zamu unaweza kumpa ndugu yako, lakini lazima airudishe.

Mdogo wangu alifika fainali, kisha akainuka.

“Tangu tuzike mama ukaacha shule, hujawahi kukaa hapa. Cheza wewe. Utanirudishia.”

Akambeba mtoto. Nilipigwa upesi.

“Hata huyu mtoto angekushinda,” akacheka.

Kesho yake shangazi alimchukua mdogo wangu huyo akaishi naye Kanyakine. Jumamosi nyingi nilipita pale dukani nikiangalia mlangoni. Duka lilifungwa zamani. Zamu yake bado ninayo.