Jina Moja, Wazee Wawili

Sitamweleza tena mtu yeyote kwamba Giovanni na Yahya ni jina moja. Nimechoka.

Baba yangu, mkulima wa Giakanja, alibatizwa Giovanni na padri Mwitaliano. Baba mkwe ni Mwislamu wa Nanyuki, mfanyabiashara wa mifugo, naye anaitwa Yahya. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mzee mwenye jina huhesabiwa kuwa amezaliwa upya. Basi wangu wa kwanza ni Giovanni, na mwaka jana akaja Yahya.

Baba alinung'unika kidogo tu, kwamba jina lenyewe linamshinda kutamka. Angeachwa, yangepita. Lakini mimi nikajitia ualimu. Nikamwambia jina lilianza kwa Wayahudi, Waitaliano wakalirefusha, Waingereza wakalikata likawa John, Biblia ya Kikuyu ikaandika Johana, Waarabu wakasema Yahya, na mwenyewe ni yuleyule mwana wa Zakaria. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema Johana ni la Wapresibiteri, si la sisi Wakatoliki. Tangu siku hiyo akakataa kuja kumwona mtoto. Baba mkwe naye, nilipomweleza hayohayo, aliudhika: jina lake Mungu alilitoa mwenyewe, hakuliazima kwa Mwitaliano. Wazee wasiokubaliana hata kuhusu sukari kwenye chai wakakubaliana kwamba mimi sina akili.

Mtoto alianza kukaa mwenyewe, baba yangu bado hajamshika. Iliniuma, tena ilinikasirisha. Jumapili moja tukampeleka Giakanja. Baba hakuinuka kitini. Nikaanza tena, Wayahudi, Waitaliano, akanikatiza kwa Kiswahili ili mke wangu naye asikie.

"Ati ni jina moja. Sasa kama ni moja, huyu pia ni mimi? Mimi nilishazaliwa kwa hii boma. Na yule mzee mkwe wangu umempeleka wapi?"

Miezi yote hiyo nilikuwa ninamfuta mzee mwenzake kwa elimu yangu. Mke wangu ndiye aliyesogea na mtoto.

"Baba, huyu si wewe. Huyu ni mzee wa Nanyuki."

Baba akainuka, akavua kofia, akamketisha mtoto kwenye kiti chake huku amemshikilia. Akampa mkono kwa heshima zote, akamwuliza mbuzi wanaendeleaje huko Nanyuki.