Sindano Kwenye Mkono Mzima

Upande wa kushoto wa mke wangu ulilegea asubuhi moja akiwa anageuza ndagala, vile visamaki vya ziwa, juani. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Baada ya hapo sikumshika tena kwa muda mrefu. Kwetu wanaume humfikisha mgonjwa hospitalini, na wanawake ndio hubaki naye. Dada yake mkubwa aliacha mpunga wake kijijini Bwegera, akawaachia ndege, akaja kulala chini ya kitanda, kupika uani, kumwosha na kumgeuza. Mimi nilikuja na mkate asubuhi, nikauliza hali, kisha nikaenda kufuatilia makaratasi.

Nilifundisha shule ya msingi hadi uzeeni, kwa hiyo tulikuwa na mutuele ya afya, yaani bima ya watumishi wa serikali. Mutuele ililipia kitanda cha hospitali mradi mgonjwa yuko kwenye matibabu. Ililipia pia nyumba ya masista kule juu ya mji, wanakotunzwa watu wasioweza kuinuka, ila kwa sharti kwamba mgonjwa atoke hospitalini moja kwa moja. Akishapitia nyumbani, haki hiyo imekwisha. Na kwa masista hapakuwa na nafasi. Walioingia kule hawakuwa watu wa kutoka kwa miguu yao.

Basi tukangoja. Daktari alikuwa amemaliza kazi yake. Presha ilishuka, zikabaki tembe, na tembe mtu humeza hata kwake. Lakini kila wiki ajenti wa mutuele alipita chumba hadi chumba, na jicho lake lilitafuta serumu, ile chupa ya maji ya mshipani. Mwenye serumu ni mgonjwa, asiye nayo ni mgeni anayekula kitanda cha bure. Chumba kizima kilijua. Asubuhi ya ajenti, chupa za maji zilining'inia hata juu ya watu waliokuwa wanacheka jana yake.

Mimi ndiye niliyeomba mke wangu atundikiwe chupa. Muuguzi alisitasita.

“Papa, maji haya hayamudhuru. Lakini mushipa ya mkono wa kushoto inapotea. Ntachoma wapi?”

“Choma kulia,” nikasema.

Nilijibu haraka, kama mtu anayeulizwa chai au maziwa. Na ili asichomwe upya kila wiki, sindano ikaachwa palepale, mkono ukafungwa kwenye kipande cha boksi usijikunje. Ulikuwa mkono wake pekee. Kwa huo alijivuta kitandani, alijikuna, na wiki ileile alikuwa ameanza kujifungia vifungo vya blauzi. Sasa dada yake akawa anamlisha kwa kijiko.

“Shemeji,” huyo dada aliniambia mbele ya watu wote, “huyu alikuwa anaanza kushika kikombe. Sasa munamufunga sawa mbuzi ya soko.”

“Vumilia kidogo, mama. Nafasi inakuja.”

“Nafasi inatoka wapi? Weye unangojea mutu akufe kule juu ndiyo muke wako apate kitanda!”

Chumba kilicheka. Na mimi nilicheka. Mke wangu hakucheka. Aliniuliza taratibu, kwa mdomo wake uliokuwa bado umepinda upande mmoja:

“Mzee, kwetu paa imeanguka?”

“Haijaanguka.”

“Sasa minye niko hapa juu ya nini?”

Nikaanza kumweleza sheria ya mutuele, mwanzo hadi mwisho, kama somo ubaoni. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yangu. Watoto wetu wako mbali. Dada yake angerudi kwenye mpunga. Nyumbani ningebaki mimi tu, na beseni, na mwili wake.

Alinisikiliza hadi nikamaliza. “Unaogopa kuniosha,” akasema, akageuzia uso ukutani.

Ajenti alipopita safari iliyofuata, kijana mpole mwenye faili kwapani, alimwuliza, “Mama, unaendelea namna gani?”

Mke wangu aliinua mkono pamoja na boksi lake hadi mdomoni, akaing'ata plasta, akaivuta, na sindano ikatoka nayo. Damu ilidondoka kwenye shuka.

“Andika minye nimepona,” akasema. “Anayengojea nafasi ya kufia haiko mugonjwa.”

Ajenti alitazama damu, kisha akanitazama mimi. “Papa, niandike nini?”

Nilijua neno langu lingefunga mlango wa masista, na kwamba hakuna mwingine wa kulisema. Nikasema aandike kuwa anarudi nyumbani. Dada yake hakungoja hata saini ya daktari, akaanza kufunga sufuria.

Sasa ni mimi ninayechemsha maji asubuhi. Mgongo unaniuma na mikono si myepesi. Mwanzoni nilimwosha nikiangalia pembeni, naye akanifokea: “Angalia unapopitisha kitambaa, mzee! Na maji punguza moto, siko muhogo.” Anashika kikombe. Ndagala hawezi tena kuzigeuza, maana vidole viwili vya mkono ule vilikakamaa juu ya boksi na havijafunguka.

Majuzi nilikutana na ajenti sokoni. Akaniambia kitanda kilipatikana kule juu, muda mfupi tu baada ya sisi kuondoka. Nilimwambia mke wangu nikiwa nampangusa.

“Nani alikufa?” akauliza.

Sikuwa nimeuliza. Akaninyooshea mkono wa kulia, nami nikavifungua vile vidole viwili, kimoja kimoja, nikakausha katikati.