Ripoti Fomu ya Beki wa Malili

Siku ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, ni Jumapili moja ya mwisho wa mwezi wa tano mwaka jana. Usidhani nitakusimulia kosa la ujana. Nilikuwa na miaka sitini na minne, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, akili zangu timamu. Ndiyo maana bado naona aibu.

Umeniomba nikuachie kazi ya kusoma ripoti ya msimu, na nitakuachia. Lakini kaa kwanza.

Unanijua mimi na ile timu yangu ya Uskoti. Nikiwa kijana wa sekondari tulifundishwa hesabu na mzungu mmoja wa huko, aliyekuwa akibandika ukutani ukurasa wa michezo wa gazeti lake, umechelewa wiki mbili. Sisi vijana wa Ukambani tukawa tunanuna timu ikifungwa, na hatujawahi kuiona hata kwa picha inayotembea! Mwalimu yule alishafariki, timu ikabaki kwangu. Miaka hii ya simu nimepata wenzangu, hapa Sultan Hamud, Emali, mpaka Malili. Msimu ukiisha tunakutana hotelini, wao wanakunywa chai, mimi nasoma daftari langu. Na kwa kuwa nilishika chaki miaka thelathini na mitano, naisoma kama ripoti fomu ya shule. Kipa, B, amejitahidi. Straika, D, amerudi nyuma, aongeze bidii. Watu hucheka mpaka chai inamwagika.

Msimu ule ulikuwa mbaya, mbaya kabisa. Mabao hakuna, kocha akafukuzwa Disemba, akaletwa mwingine ambaye nadhani hata majina ya wachezaji hakuyajua. Tukamaliza wa pili kutoka mkiani, ikabidi tucheze mchujo na timu ya daraja la chini. Tukashuka. Tulishuka kwa pasi moja ya dakika za mwisho: beki wetu alimrudishia kipa mpira, ukawa mfupi, straika wao akaunyakua.

Beki huyo alikuwa Kyalo. Kyalo wa Malili, niliyemfundisha mwenyewe darasa la nne, kisha bahati ya mpira ikampeleka timu ileile yangu.

Basi pale hotelini, nilipofika kwa jina lake nikaweka daftari mezani. Nikavua miwani. Nilijua wananisubiri. Nikasema, "Kyalo. Alama, E. Tangu darasa la nne haangalii anakopeleka vitu. Arudi nyumbani achunge mbuzi, na wenye mbuzi waonywe mapema."

Woi, hoteli nzima ilipasuka! Mtu mmoja alikuwa anarekodi. Kufika jioni sauti yangu ilikuwa kwa magrupu ambayo hata siyajui, watu wa Mwingi wananipigia simu kunipongeza. Na mimi, mwanangu, nilifurahi. Nililala nikitabasamu.

Jumatano asubuhi nikaona mama yake Kyalo langoni, simu mkononi. Ni mama wa duka dogo pale Malili, mtu wa maneno machache. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana.

"Mwalimu," akasema, "Kyalo hashiki simu. Tangu Jumatatu imezimwa."

"Labda iko na shida ya chaji, Mama Kyalo."

"Chaji siku tatu? Huko Uskoti?" Akanionyesha simu yake. "Hii ndiyo ya mwisho alinitumia."

Ilikuwa ile sauti yangu. Na chini yake Kyalo alikuwa ameandika maneno matatu tu: *Mama, hata Mwalimu.*

Niliyasoma mara mbili. Nikamuuliza anaishi na nani. Akasema anaishi peke yake, chumba kimoja, na mkataba wake unaisha mwezi wa sita.

"Sikuja kugombana," akasema. "Mimi nimepiga hadi nimechoka. Sasa piga wewe. Ulimuita jina mbele ya watu, muite tena."

Nilipiga. Imezimwa. Nikapiga tena. Mke wangu akatuletea chai, ikapoa, akaondoa, akaleta nyingine, ikapoa pia. Tulikaa pale sebuleni mimi na Mama Kyalo, simu juu ya meza, na nilifikiria mambo ambayo sitaki kuyataja hata leo. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa simu isiite, halafu nikaogopa ikiita itakuwa ni mtu mwingine anaongea. Nilimtazama yule mama nikajua kama kuna neno baya litafika, litamkuta ameketi kwenye kiti changu. Nikarekodi ujumbe wa kuomba msamaha. Mara tatu sauti ilinikatika nikafuta, ya nne nikaituma vile ilivyo.

Siku hiyo nilimkumbuka yule mwalimu wetu wa hesabu. Mwisho wa muhula alikuwa akigawa ripoti zimekunjwa mara mbili, kila mmoja asome yake peke yake. Sisi tulisema mzungu huyu hana raha. Kumbe alikuwa anatuhurumia, na mimi sikuelewa mpaka nimestaafu.

Alhamisi saa nne, Mama Kyalo akiwa amerudi tena kwangu, simu ikaita.

"Mwalimu, niko," akasema Kyalo. "Mwambie mama niko." Mama yake alikuwa ameshaninyang'anya simu. Alilia kwa Kikamba, akamuuliza kama amekula, akaishiwa na maneno, akanirudishia.

Nikamwambia nimekosa. Nikamuuliza kwa nini alizima simu.

"Kila nikiiwasha, kuna mtu amenitumia sauti yako."

Nikaomba msamaha tena. Akasema, "Sawa, Mwalimu."

Nimesikia "sawa, Mwalimu" maisha yangu yote. Naijua ile ya mtoto aliyeelewa, na naijua ile ya mtoto anayetaka tu aachwe akakae chini. Ile ilikuwa ya pili.

Wenye timu walimwomba abaki, wakampa mkataba wa mwaka mmoja. Sasa wako daraja la chini, kocha wa tatu, wachezaji wazuri wameuzwa. Ukiniuliza kama watapanda, nitakuambia wanaweza, wakiwapa vijana nafasi na wakiacha kufukuza makocha. Lakini mimi siangalii jedwali tena, namwangalia Kyalo. Kila mpira unaomfikia anaupiga nje. Hata akiwa huru, hata mwenzake akiwa hatua mbili, anaupiga nje. Mashabiki wa huko wanazomea, hawajui ana nini. Mimi najua.

Kwa hivyo, mwanangu, usiogope kusema ukweli. Timu ikicheza vibaya, sema. Kocha akikosea, sema. Lakini ukifika kwa jina la mtu, lisome kana kwamba ameketi meza ya mbele, na mama yake kando yake. Neno ambalo usingeweza kulisema hapo, lifute. Na likiwa la kuchekesha sana, lifute haraka zaidi.

Haya, daftari hili hapa. Mungu akupe sauti ya kusikilizwa, aibariki nyumba yako, na akuepushe na kukaa na mama wa mtu mkingoja simu iite.