Wanyama wa hadithi zangu walipoanza kuangalia tamthilia, mjukuu akaniuliza mama yake amehamia ipi

Wakuu, heshima kwenu. Najua wengi humu mngeniamkia, kwa hiyo nimeitikia kabisa: marahaba, wajukuu zangu.

Mimi ni bibi wa Nyahanga, Kahama. Shule niliishia darasa la nne na naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya sikusimuliwa na mtu, yametokea jikoni kwangu.

Binti yangu Minza alikuwa anauza chai na vitumbua kwa wachimbaji, kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, upande wa Geita. Mvua za mwaka jana akaugua, tukamleta nyumbani, akafariki. Ameacha mtoto mmoja wa kike, Holo, miaka sita.

Kwetu siku ya msiba watoto wadogo wanaondolewa. Holo alipelekwa kwa jirani yangu Mama Kulwa, akaachwa na mwanawe Kulwa mbele ya TV. Aliporudi, mama yake tumeshamzika.

Hakulia. Hakuuliza.

Wiki zikapita, jina la Minza halitaji kabisa. Nikaogopa, wakuu. Mtoto anayelia unajua pa kumshika. Huyu nimshike wapi?

Nikaona nimjaribu kwa hadithi. Hadithi ninazo, nilizirithi kwa bibi yangu Nkwimba, mzaa baba. Ila bibi Nkwimba alikuwa na sharti lake: hadithi lazima iitikiwe. Unasema kidogo, msikilizaji anasema "ehe", ndipo unaendelea. Asipoitikia, unaishia hapo hapo.

Basi kila baada ya ugali naanza, "Sungura alikuwa na shamba lake la karanga..." Kimya. Naishia hapo.

Alichokuwa anapenda ni kimoja tu, ile tamthilia ya nje iliyotiwa Kiswahili, ya mama mwenye jumba kubwa na wakwe wabaya. Kila jioni yuko kwa Mama Kulwa, kakaa mkekani, macho kodo.

Nikaamua kumfuata huko. Nikaangalia na mimi. (Wale wakwe, jamani! Hata mama mkwe wangu Nyanzobe, Mungu amrehemu, hakuwafikia.)

Tuliporudi nikaanza: "Sungura akauza karanga zake, akanunua king'amuzi. Wanyama wote wakaja kuangalia tamthilia. Tembo akakaa mbele, wa nyuma hawaoni kitu."

Mtoto akanigeukia.

"Ehe," akasema.

Nilishika mwiko wa ugali kama nimeshika rungu, nisije nikapiga vigelegele.

Kuanzia hapo, tukiona kitu kwenye TV, na wanyama wanakiona. Fisi akampenda yule mama wa jumba, akawa anaoga kila siku kwa ajili yake. Holo akawa ananisahihisha: "Bibi, Fisi hawezi kukaa karibu na Mbuzi wakati wa tangazo, atamla!"

Mama Kulwa akanitania, "Bibi Limi, hadithi za wazee zimekuishia, sasa unawaibia Wazungu?"

Nikamwambia, "Na wao waje waibe zangu, mlango uko wazi."

Sasa ikafika jioni, yule mama wa jumba akafa. Na mimi ningefanyaje? Wanyama wakaweka msiba kwa Sungura. Fisi akagoma kula, na mnamjua Fisi.

Haukupita muda mrefu ikaanza tamthilia nyingine. Holo akaja anakimbia, kandambili moja mkononi. "Bibi! Amerudi! Sasa anauza mikate, nywele amekata!"

Nikaenda kutazama. Kweli, ni yule yule.

Jioni ile akanilazimisha. "Sungura amwambie Fisi aache kulia." Nikasema hivyo. Wanyama wakacheza ngoma mpaka Kobe akaanguka chali. Holo akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa:

"Na mama amehamia ipi?"

"Ipi nini, mayu, mjukuu wangu?"

"Tamthilia ipi."

Wakuu, uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Nilitaka kusema amehamia ya mbali, king'amuzi chetu hakiikamati. Angelala na furaha. Lakini nikamwona kichwani mwangu, kila jioni, miaka yote, akitafuta uso wa Minza kwenye kila mwanamke anayepita pale kwenye kioo.

Nikampakata. Nikamwambia, "Yule mama kazi yake ni kujifanya. Aliambiwa alale asipumue, wakamaliza, akaamka akaenda kula. Mama yako hakujifanya. Alikufa. Nilimwosha mimi, na mdogo wangu Ngollo, na Mama Kulwa."

Akauliza: "Mlimvika nini?"

"Gauni la bluu."

"Lenye mifuko?"

"Lenye mifuko."

"Alikuwa ananiwekea kitumbua humo," akasema, na hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka kitenge changu kikalowa. Nikamwacha alie. Na mimi nikalia.

Kesho yake akarudi kwa Mama Kulwa kama kawaida; haya kaniambia jirani yangu mwenyewe. Kulwa alimuuliza, "Huyu si alishakufa?" Holo akamjibu bila kutoa macho kwenye TV:

"Alijifanya. Ukifa kweli unavalishwa nguo nzuri, halafu watu wanabaki wanakupenda."

Sikumfundisha mimi hayo.

Nilichojifunza, wakuu: tunawaondoa watoto msibani tukidhani tunawaficha maumivu, kumbe tunawaacha wajitafutie wenyewe mtu amekwenda wapi. Na wanatafuta kwenye chochote kilicho mbele yao.

Ninyi mlio na yatima ndani ya nyumba, mliwaambiaje? Mtoto abaki msibani aone, au aondolewe? Nielezeni. Nasoma polepole, lakini nitasoma ya kila mmoja.